Pampu mpya ya petroli na kontroli boksi la kiwandani: mwongozo kamili wa kuvipatanisha

Ujumbe ninaopokea unafanana. Mtu amenunua pampu ya petroli isiyo ya kiwandani, mara nyingi yenye lita nyingi kuliko ya awali. Ameifunga, gari limewaka. Siku ya pili taa ya cheki injini inawaka, moshi mweusi unatoka, au gari linakosa nguvu mlimani. Anaambiwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, "halitambui" pampu, lifanyiwe programu upya. Analipa, na tatizo linabaki palepale.

Katika magari mengi boksi halina njia yoyote ya kujua ni pampu gani imo ndani ya tenki. Linajua nozeli, yaani kinyunyizio cha mafuta, imefunguliwa kwa muda gani, na linasoma sensa ya oksijeni kujua kama mafuta yalizidi au yalipungua. Kuhusu presha, linaamini tu kwamba ni ileile iliyopangwa kiwandani. Ukibadilisha pampu na presha isibadilike, boksi halitaona tofauti. Presha ikipanda au kushuka, hesabu zake zote zinakosea.

Kwa hiyo kazi yote iliyo hapa chini ni ya kulinda presha. Mwongozo unahusu injini za petroli zenye nozeli. Gari la kabureta usilifungie pampu ya aina hii: kabureta inataka chini ya nusu bar, na presha ya pampu ya nozeli itaifurisha hadi petroli imwagike juu ya injini yenye moto.

## Vitu vya kuandaa

- Geji ya presha ya mafuta inayofika angalau bar 7, pamoja na kiungo kinachoingia kwenye reli ya gari lako, yaani bomba linalogawa mafuta kwa nozeli
- Multimeta, na ikiwezekana klampu ya kupima ampea za umeme wa betri
- Mashine ya kusoma kodi inayoonyesha data injini ikiwa inafanya kazi. Ile ndogo ya bluetooth inatosha kwa magari mengi
- Pampu mpya pamoja na karatasi yake ya vipimo
- Chujio jipya la kwenye mdomo wa pampu, na ringi mpya ya mfuniko wa tenki
- Mpira wa mafuta wa kuzama ndani ya petroli, wenye maandishi 30R10
- Vibanio vya mpira vya kukaza kwa skrubu
- Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi na waya wa milimita za mraba 2.5, iwapo Hatua ya 5 itahitajika
- Kizimamoto cha poda au povu, glavu, miwani, na taa ya LED
- Daftari na kalamu

Daftari silitaji kwa kujaza orodha. Wanaoshindwa kazi hii wengi hawakuandika namba za gari kabla ya kulifungua, kwa hiyo hawana cha kulinganisha nacho.

## Onyo kabla ya kushika spana

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa sakafuni na kukaa mashimoni. Fanya kazi mahali penye upepo, mbali na moto, jiko au mashine ya kuchomelea. Taa ya balbu ya kawaida ikianguka na kupasuka inatosha kuwasha mvuke huo, ndiyo maana nimetaja LED.

Tenki liwe na mafuta chini ya robo. Kizimamoto kikae pale mkono wako unapofika, kisiachwe chumba kingine.

## Hatua ya 1: Jua nani anashika presha

Usinunue pampu kabla ya kumaliza hatua hii. Magari mawili yanaweza kuwa na pampu zinazofanana kwa umbo na soketi, huku yakishika presha kwa njia tofauti kabisa.

Aina A: regulata, yaani kifaa kinachoshika presha, iko kwenye reli. Utaona bomba mbili, moja ya kupeleka mafuta na nyingine ya kuyarudisha tenkini, na kikopo kidogo chenye mpira mwembamba wa vakyumu. Pampu inazunguka kwa umeme kamili muda wote. Boksi linawasha na kuzima rilei tu. Aina hii ndiyo inayovumilia pampu ngeni kuliko zote.

Aina B: regulata iko ndani ya tenki. Bomba moja tu inafika kwenye reli. Presha haibadiliki, na kwa kawaida huwa kati ya bar 3 na 4. Pampu bado inapata umeme kamili.

Aina C: pampu ya kasi mbili. Baadhi ya magari, zikiwemo Toyota kadhaa, hupitisha umeme wa pampu kwenye rezista injini ikiwa haina mzigo, kisha rilei huiruka rezista hiyo ukikanyaga mafuta.

Aina D: boksi lenyewe linashika presha. Kuna sensa ya presha kwenye reli au kwenye bomba, na kuna moduli inayokatakata umeme wa pampu mara nyingi kwa sekunde. Boksi likitaka presha zaidi, moduli inaachia umeme kwa muda mrefu zaidi katika kila mkato.

Aina E: pampu ambayo mota yake haina brashi za kaboni. Moduli inaipelekea umeme kwa nyaya tatu nene zinazolingana. Pampu ya nyaya mbili haiwezi kukaa mahali pake, hata uunganishe vipi.

Ili kujua yako ni ipi, pima voti kwenye soketi ya pampu injini ikinguruma bila kukanyagwa. Soketi nyingi zina nyaya nene za pampu na nyembamba za geji ya mafuta. Pima zile nene.

- Voti 13.5 hadi 14.2 zisizoyumba: A au B.
- Voti 9 au 10, zinazopanda ghafla ukikanyaga mafuta: C.
- Voti chache zinazochezacheza, na multimeta inaonyesha masafa ukiiweka kwenye Hz: D.
- Nyaya tatu nene zinazolingana: E.

Kama gari lako linapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kuna pampu mbili. Ile ya tenkini inalisha tu. Kazi ya kupandisha presha hadi bar 100, 200 au zaidi inafanywa na pampu nyingine inayosukumwa na kamshafti. Kuongeza lita tenkini hakuigusi ile ya pili.

Umefaulu ikiwa umeandika herufi moja kwenye daftari, na umeona kwa macho au kwa multimeta ushahidi wake.

## Hatua ya 2: Andika afya ya gari kabla ya kulifungua

Unganisha geji kwenye reli (kwa gari la pampu mbili, upande wa pampu ya tenkini tu). Injini ikiwa imepata joto kamili, andika:

1. Presha ufunguo ukiwashwa kabla ya kupiga stata
2. Presha injini ikinguruma bila kukanyagwa
3. Presha kwenye mizunguko 2,500
4. Presha dakika 10 baada ya kuzima
5. Voti na ampea za pampu
6. Asilimia za masahihisho ya mafuta, zile ambazo mashine huziita STFT (za muda mfupi) na LTFT (za muda mrefu), bila kukanyaga na kwenye mizunguko 2,500

Kwa Aina A, vua mpira wa vakyumu injini ikinguruma. Presha inapaswa kupanda kwa takriban nusu bar. Isipopanda, regulata imechoka, na pampu mpya haitakusaidia. Ukiona petroli ndani ya mpira huo, kiwambo cha regulata kimetoboka. Badilisha regulata kwanza.

Kwa nini kujisumbua hivi? Kwa sababu mafuta yanayopita kwenye nozeli huongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha. Presha ikitoka bar 3 hadi 3.5, mafuta yanaongezeka kwa asilimia 8. Ikifika bar 4, yanaongezeka kwa asilimia 15 na zaidi, nozeli ikiwa imefunguliwa kwa muda uleule. Boksi litajaribu kurekebisha kwa kufupisha muda huo. Magari mengi huvumilia masahihisho ya hadi asilimia 20 au 25 kisha huwasha taa: P0172 mafuta yakizidi, P0171 yakipungua. Gari ambalo tayari lilikuwa na masahihisho ya asilimia 12 kwa sababu ya hewa inayovuja halina nafasi ya kubeba kosa lako jipya.

Kama pampu ya zamani imekufa kabisa, tumia namba za kitabu cha ufundi cha gari lako. Usikisie.

## Hatua ya 3: Hesabu lita unazohitaji

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Hesabu yenyewe ni fupi.

Injini ya petroli isiyo na turbo hutumia takriban kilo 0.3 za mafuta kwa kila kilowati kwa saa ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Yenye turbo, weka 0.38 kwa usalama. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74. Kama unajua nguvu za farasi tu, zidisha kwa 0.746 upate kilowati.

Chukua injini ya kilowati 80 isiyo na turbo. 80 × 0.3 ni kilo 24 kwa saa, yaani lita 32. Ongeza asilimia 30 ya tahadhari: lita 42 kwa saa.

Sasa chukua yenye turbo ya kilowati 200. 200 × 0.38 ni kilo 76, yaani lita 103. Ukiongeza tahadhari inafika 134.

Pampu maarufu ya Walbro yenye jina la 255 inabeba jina hilo kwa sababu ya lita zake kwa saa. Injini ile ya kwanza ingetumia sehemu ndogo tu ya lita hizo, na zilizobaki zote lazima zipite kwenye regulata na kurudi tenkini. Tundu la regulata na bomba ya kurudishia havikupangiwa mafuriko hayo. Presha inapanda injini ikiwa imetulia, kwa sababu hapo ndipo nozeli zinapokula kidogo zaidi.

Kumbuka pia kuwa lita zilizoandikwa kwenye pakiti ya pampu zilipimwa kwa presha fulani na voti fulani. Presha ikipanda, lita zinashuka. Voti zikishuka, lita zinashuka tena. Tafuta jedwali au mchoro wa pampu, usome mstari wa presha ya gari lako. Muuzaji asiye na mchoro huo anakuuzia namba ya kwenye karatasi ya rangi.

Wanaotumia mafuta ya E85, yaani petroli yenye ethanoli nyingi, waongeze asilimia 30 au zaidi juu ya hesabu hii, na pampu iwe imeandikwa wazi kuwa inavumilia ethanoli.

Umefaulu ikiwa una namba mbili: lita unazohitaji, na lita ambazo pampu inatoa kwa presha yako. Ya pili iwe juu ya ya kwanza, isiwe mara tano yake.

## Hatua ya 4: Isome pampu yenyewe

Ampea. Linganisha na ulizoandika. Pampu nyingi za kiwandani hula ampea 4 hadi 8. Kubwa hufika 10 au hata kuzidi 13. Kwa Aina C hili ndilo jambo la kwanza kuangalia. Tuseme rezista ni ya ohm 0.7 na umeme ni voti 13.8. Pampu ya ampea 5 inapoteza voti 3.5, inabaki na 10.3, inafanya kazi. Pampu inayovuta ampea 10 ingepoteza voti 7 na kubaki na 6.8. Kwa umeme huo itajikongoja, presha itaanguka, na rezista itapika kwa wati 70 badala ya 17.5.

Uvumilivu wa moduli. Kwa Aina D, ampea zikizidi uwezo wa moduli, itajizima au itaungua. Kuna tatizo la pili lisilosemwa sana: pampu kubwa ina nguvu hata ikipewa umeme kidogo, kwa hiyo boksi linashindwa kuituliza. Presha inapanda na kushuka kama pumzi, na kodi kama P0088 (presha juu mno), P0087 (presha chini mno) au P0191 (sensa ya presha) zinajitokeza. Kwa D, chagua pampu ambayo mtengenezaji ameitaja waziwazi kuwa ni ya moduli za kukata umeme, na yenye lita zisizozidi sana za awali.

Valvu ya kuzuia kurudi. Pampu isiyo nayo inaachia presha yote mara tu unapozima. Gari litawaka kwa taabu kila asubuhi, na utalaumu plagi.

Valvu ya usalama ya ndani. Ifunguke kwa presha iliyo juu ya presha ya mfumo wako. Ikifunguka mapema, gari litakosa mafuta pale unapoyahitaji zaidi.

Mpangilio wa nyaya. Soketi za pampu za jumla mara nyingi zina rangi zisizolingana na za gari. Pampu ya kawaida yenye kaboni ukiigeuza chanya na hasi, inazunguka kinyume, inalia, na haitoi presha.

## Hatua ya 5: Umeme, kama tu unahitajika

Injini ikinguruma, weka ncha moja ya multimeta kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa pampu, nyuma ya soketi. Rudia upande wa hasi. Kila upande ukipoteza chini ya voti 0.5, acha nyaya za kiwandani kama zilivyo na uende Hatua ya 6.

Ukipoteza zaidi, na gari lako ni Aina A au B, weka rilei. Waya mpya utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi iliyo karibu na betri, uingie kwenye rilei, kisha kwenye pampu. Fyuzi ya ampea 20 inafaa pampu nyingi za ukubwa huu. Waya wa zamani wa pampu sasa unakuwa wa kuiamrisha rilei. Hasi iungwe kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi.

Maonyo matatu, yote ya uzito mmoja:

Aina D na E zisiwekewe rilei hii. Umeme uliokatwakatwa utaitetemesha rilei hadi iungue, na kuipa pampu umeme kamili ni kumnyang'anya boksi presha aliyopewa kuishika. Kwa Aina C, kuiruka rezista kunafaa tu kama Hatua ya 7 itaonyesha regulata inamudu.

Usiunge pampu moja kwa moja kwenye mguu (pini) wa boksi. Mguu ule umetengenezwa kwa rilei, yaani sehemu ndogo ya ampea moja. Ampea 8 zitaichoma sakiti yake ya ndani.

Usiweke swichi inayoifanya pampu izunguke muda wote. Boksi huzima pampu injini inapoacha kuzunguka. Siku ya ajali, bomba ikiwa imekatika, huo uzimaji ndio unaozuia petroli kumwagwa juu ya watu waliobanwa ndani. Nawaomba sana mliheshimu hili hata mkiwa na haraka ya kuondoka barabarani.

## Hatua ya 6: Kufunga

Ondoa fyuzi ya pampu, washa injini hadi izime yenyewe, kisha piga stata sekunde chache zaidi. Presha imeshuka. Tenganisha hasi ya betri.

Safisha vumbi lote juu ya mfuniko kabla ya kuufungua. Punje moja ya mchanga inatosha kuziba nozeli. Ringi ya kufungia igongwe kwa ubao au plastiki ngumu, si chuma. Toa kifaa polepole ukikilaza, usipinde mkono wa boya la geji.

Hamisha pampu. Chujio la mdomo liwe jipya na likae chini kama lilivyokuwa. Mpira wa kuunganisha uwe ule wa 30R10. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kuguswa na petroli kwa ndani tu. Ukizamishwa unavimba, unalainika, na ndani ya miezi unapasuka. Hapo presha inapotea tenkini bila tone moja kuonekana nje.

Weka ringi mpya ya mfuniko, funga, na rudisha soketi. Ongeza mafuta kabla ya kuwasha: petroli ndiyo inayoipoza pampu na kuilainisha.

## Hatua ya 7: Kuwasha mara ya kwanza

Geji ikiwa kwenye reli, washa ufunguo bila kupiga stata. Katika magari mengi pampu itazunguka kama sekunde 2 kisha itanyamaza. Zima, rudia mara tatu au nne. Kila mara kagua viungo vyote kwa macho na kwa pua.

Sasa washa injini na ulinganishe na daftari. Kwa A, B na C, presha isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya takriban bar 0.2. Zima, ngoja dakika 10. Presha ikianguka hadi sifuri, valvu ya pampu au mpira wa ndani unavuja.

Kama presha iko juu bila kukanyaga lakini inashuka hadi ya kawaida unapokanyaga, njia ya kurudishia imezidiwa. Dawa ni pampu ndogo zaidi, au bomba ya kurudishia pana zaidi pamoja na regulata inayolingana nayo.

## Hatua ya 8: Liulize boksi

Futa kodi. Endesha nusu saa, ukichanganya mwendo wa polepole, wa kasi na mlima. Kisha soma masahihisho.

- Ndani ya asilimia 5, chanya au hasi: pampu na boksi vimepatana.
- Kati ya 5 na 10: linganisha na namba za Hatua ya 2. Kama zilikuwa hivyo tangu awali, si kosa la pampu.
- Hasi kubwa bila kukanyaga, kawaida ukikanyaga: presha imezidi, rudi Hatua ya 7.
- Chanya inayokua kadiri mzigo unavyoongezeka: mafuta hayatoshi. Pima voti za pampu wakati huohuo kabla ya kuilaumu pampu.

Kwa Aina D, linganisha presha inayotakiwa na presha halisi kwenye mashine. Zifuatane kwa karibu, hata unapoachia mafuta ghafla. Wenye Ford za moduli ya zamani waangalie: asilimia inayoonyeshwa kama amri ya boksi ni nusu ya ile pampu inayopata. Ukisoma 42, pampu iko kwenye 84. Nimeona watu wakidhani wana akiba ya zaidi ya nusu, kumbe wamekaribia ukuta.

Kufanyia boksi programu upya kuna mahali pake: umebadilisha nozeli, umepandisha presha ya msingi kwa makusudi, umeongeza turbo, au gari ni Aina D na jedwali la pampu ndani ya boksi halilingani na pampu mpya. Nje ya hayo, mtu akikuambia pampu inataka programu, mwombe akuonyeshe presha kwenye geji kwanza.

Baada ya tenki moja la mafuta kuisha, fungua tena daftari. Pima presha ya dakika 10, gusa rilei uone kama inachemka, nusa mfuniko wa tenki, na soma LTFT mara ya mwisho.